Kilo za Mtu Mwingine

Benchi letu limeegemea ukuta wa zahanati, hatua chache kutoka dirisha la dawa. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu na kahawa zetu: mimi kinyozi, Dereva wa gari la wagonjwa, na Nukta, aliyeiandikia zahanati programu ya kukokotoa dozi kwa lugha ya C. Mara Muuguzi akatoka na karatasi mkononi, amefura kwa hasira.

— Nukta, mtoto wa miaka mitatu, kompyuta yako inasema ana kilo sabini na moja! Imempa dozi ya baba zima. Bahati nilimtazama kabla sijampa dawa.

— Umeme huo, Dereva akadakia. Ukiyumba tu, namba zinamwagika.

— Zimwagike, kwani ni maharage? nikamwambia. Kompyuta imechoshwa na watu. Hata mimi, mteja akizidi kujieleza, naweza kumkata sikio.

— Hebu nyamazeni! Nukta akatukatiza. Dada, mtoto ameandikishwa jina gani?

— Majina mawili, lake na la babake.

Nukta akajishika kichwa.

— Mstari unaingia mmoja: jina, umri, uzito. Niliiambia sscanf, amri ya C ya kusoma mstari, isome neno, halafu namba, halafu namba. Kwake neno linaishia penye nafasi. Ikachukua jina la kwanza, ikatafuta umri, ikagonga jina la pili. Ikaishia hapo hapo.

— Na kilo sabini na moja? Muuguzi akauliza.

— Za mgonjwa aliyetangulia. Zilibaki pale pale.

— Na inakaa kimya tu? Dereva akauliza.

— Haikai kimya. Inarudisha idadi ya vitu ilivyosoma. Ilisema kimoja badala ya vitatu. Mimi ndiye sikuisikiliza.

— Mwezi mzima nakuambia hicho kitu kina walakini! Muuguzi akafoka. Unanijibu nabonyeza vibaya!

Nukta akaweka kikombe chini.

— Izimeni. Dozi zipigieni hesabu kwa mkono mpaka nirekebishe.

Mlangoni alikuwa amesimama mama, mtoto kiunoni. Sikujua amesikia kiasi gani.

— Wewe ndiye fundi?

— Ni mimi, mama. Nisamehe.

— Waliokuja kabla ya mwanangu, wenye majina mawili, ni wangapi?

Muuguzi akageuka, akaingia ndani kufungua kabati la mafaili, na Nukta akamfuata kuwahesabu.