Kikombe cha Boke na Mnyapara wa Mashine

Pale njia panda ya kwenda Susuni, mbele ya duka la kijiji, palikuwa na benchi lililong'arishwa na makalio ya watu watatu. Heche, balozi wa nyumba kumi, aliitwa Azimio kwa kupenda kuhutubia. Wangwe aliitwa Redio Mbao, na sababu msiiulize. Wa tatu alikuwa Mzee Mogesi, Baba Mashine, kwa kuwa bintiye Boke alikuwa Dar es Salaam akihudumia kompyuta ya ofisi moja kubwa. Kila alasiri walimaliza birika la kahawa, ila kikombe cha mwisho. Hicho Mogesi alikilinda mpaka basi la Musoma lipite, maana Boke alisema atakuja akipata nafasi, na mzee alikuwa amemkumbuka mpaka usingizi ukampungua.

Siku hiyo Wangwe alishindwa kuvumilia.

— Baba Mashine, mimina bwana! Inapoa.

— Hiyo ni akiba, mura. Hata mashine ya Boke inaweka. Mle ndani kuna programu kuu, yeye huiita mnyapara. Kazi zote zinamwomba nafasi ya kumbukumbu. Kazi ya kawaida ikikosa, inaambiwa: lala kwanza, wenzako wakiachia utapata.

— Subira yavuta heri, akasema Heche.

— Sikiliza basi! Kuna nyingine haiwezi kulala. Ni habari inayoingia mlangoni saa hiyo hiyo, ukiichelewesha imepotea. Sasa mnyapara amechora mstari, na chini yake ameweka akiba. Wa kawaida hagusi. Huyu wa haraka anachota.

— Na akiba ikiisha? akauliza Heche.

— Anaambiwa hapana, papo hapo. Hadanganywi na kesho.

Wangwe alikuna kidevu.

— Kumbe ni ghala la mzee! Lile la ulezi, wake hawaligusi mpaka njaa ibishe hodi.

— Hapo umenena, akasema Mogesi, akafurahi kueleweka.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu Heche alikwisha kusimama.

— Ndugu zangu, huo ni ubepari! Mmoja alale, mwingine apite mbele? Haraka haraka haina baraka. Wapange foleni kama sisi kwenye sukari!

— Mtu anaunguliwa nyumba, Azimio, utampanga foleni? akauliza Mogesi.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Hata huyo wa haraka akalime kwanza.

— Methali gani hiyo hapo? Wangwe akacheka. — Mimi nawaambia siri. Kumbukumbu yenyewe mnafikiri inatoka wapi? Ikipungua, mashine inavuta ya wasichana wanaoihudumia. Taratibu, kama kupe. Ndiyo maana Boke amesahau njia ya kwao.

Mogesi alitazama barabara. Alijua ni upuuzi wa Redio Mbao, lakini ulimuuma, kwa sababu hakuwa na maelezo yake mwenyewe ya kuweka mahali pake.

Basi likaja na vumbi lake. Akashuka mwanamke mmoja tu, amebeba mtoto mgongoni, akaja akiyumba mpaka kwenye benchi.

— Shikamooni, wazee. Naitwa Verdiana, natoka Nyansurura. Safari imenitapisha njia nzima. Kuna chochote cha moto?

— Marahaba. Keti, mama, ungoje, akasema Heche. — Birika lingine litachemshwa.

Verdiana aliketi, lakini shingo ilikuwa inamlegea. Mogesi alimtazama yeye, akalitazama basi likipanda kilima bila Boke. Akamimina.

— Ya Boke hiyo! Wangwe akashtuka.

— Huyu hawezi kulala.

Verdiana alikunywa taratibu, nguvu zikamrudia. Wangwe, kwa aibu au kwa mazoea, akamsimulia habari yote ya mnyapara, safari hii bila kupe. Verdiana alisikiliza mpaka mwisho.

— Wa haraka nimemwelewa, akasema. — Lakini yule wa kawaida, aliyeambiwa alale angoje nafasi. Nani humwamsha?

Mogesi aliinamisha birika; yakatoka machicha tu.

— Hilo sikumuuliza Boke, akasema. — Akija, nitamuuliza.