LaVar Zupan, Aliyezima Kila Kitu kwa Maji

Marehemu LaVar Josip Zupan alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 hapa Pelton, Wyoming, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yetu, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga barabara ya kwenda hospitali na baba alikuwa zamu mgodini. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Anton Zupan na Thelma Beck. Wa kwanza ni mimi, Neva, ninayewasomea. Jina la LaVar alipewa na mama, aliyekuwa Mmormoni. Josip ni jina la babu wa baba, Mkatoliki aliyetoka Slovenia kuja kuchimba makaa, akazikwa pale nyuma ya uzio na mapafu yake meusi. Wazazi waligombania dini ya mtoto mpaka mtoto akachoka kulia akalala.

Kabla sijaendelea, naomba mnisikilize. Karatasi mliyoshika ina wasifu mwingine, waliouandika wifi yangu Darla na jamaa wa kikosi cha zimamoto. Ni mzuri. Neno shujaa limo kila aya, na picha imechaguliwa vizuri, kitambi hakionekani. Mtausoma nyumbani. Hapa nitasoma wa kwangu. Wifi, nakuomba usiinuke. Nina sababu moja tu, nayo imekaa kiti cha mbele, imevaa koti la baba yake linalomzidi mabegani. Tate ataanza mafunzo ya kinu kipya cha umeme Jumatatu, katika nafasi ileile aliyoiacha marehemu, na nimemsikia akisema kwamba anataka kufa kama baba yake. Basi acha tuambizane alivyokufa.

Marehemu alisoma shule ya msingi na sekondari hapahapa Pelton, akamaliza mwaka 1987. Hakuwa mjinga, alikuwa mbishi tu. Akiwa na miaka tisa alichezea kiberiti kwenye banda la bibi, nyasi zikashika moto. Mtoto mwingine angekimbia. LaVar aliburuta pipa la kabichi chachu lililojaa maji ya chumvi, lile la kula majira yote ya baridi, akalipindua juu ya moto na moto ukazimika. Bibi alimchapa kwa kuchoma banda, kisha akamkumbatia kwa kuliokoa, na akawahadithia majirani wote. Tulikula viazi vitupu mpaka Aprili. Mimi nasema ugonjwa uliomuua marehemu ulianza siku ile, maana tangu hapo aliamini kwamba hakuna moto duniani usiokufa ukilowa, na kwamba anayeulowesha hupigwa pambaja.

Mwaka 1988 aliajiriwa kwenye kituo cha umeme wa makaa, akawa mwendesha tanuri. Vumbi la makaa hujiwasha lenyewe, kila mtu hapa anajua, na kazi ya siku kwa siku ni kuvuta mpira na kumwaga maji. Mwaka 1991 alijiunga na zimamoto wa kujitolea, na kuanzia 2004 akawa kapteni wao. Kwa hiyo kazini maji, na baada ya kazi maji. Alizima mazizi, magari na majiko ya wajane. Jiko langu alilizima likiwa linachoma keki ya Krismasi, wala halikuwa na tatizo lolote.

Tarehe 12 Juni 1993 alimuoa Darla Pace. Honi ya zimamoto ililia katikati ya sherehe, bwana harusi akatoka mbio na suti yake, akarudi ananuka majani yaliyoungua, akacheza. Darla alilia, kisha akacheka, kisha akazoea. Walijaliwa mtoto mmoja, Tate, mwaka 2001. Marehemu alimpenda sana mtoto huyo na alimfundisha kitu kimoja, mpira wa maji. Tate alijua kuushika kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na leo naye ni zimamoto. Mkilitazama koti hilo mtaona kola imeliwa na kamba ya kubebea mpira.

Baba yetu alikufa mwaka 1998, akikohoa weusi kwenye taulo. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba kituo cha makaa kitafungwa na kampuni moja inataka kujenga kinu kipya cha nyuklia kando yake, marehemu alikuwa wa kwanza kusimama kwenye mkutano pale ukumbi wa michezo wa shule. Alikuwa amesoma kila kijitabu. Alieleza kwamba kinu hiki hakipozwi kwa maji kama vile vya zamani. Kinapozwa kwa sodiamu, madini laini ya rangi ya fedha ambayo yakipashwa moto huwa majimaji na kubeba joto bila mgandamizo mkubwa. Umeme ukikatika, kinajipoza chenyewe kwa hewa. Joto la ziada linawekwa kwenye matangi ya chumvi iliyoyeyushwa, jioni linatolewa watu wakirudi nyumbani. Hakuna moshi. Kazi zipo kwa wajukuu wetu. Alisema vizuri, sikatai.

Dwight Okelberry, mfugaji, akauliza akiwa amekaa.

"Na taka zake?"

"Zitakaa uani, kwenye mapipa ya chuma na zege."

"Mpaka lini?"

"Mpaka serikali ipate pa kuzipeleka."

"Wanapatafuta tangu nikiwa na nywele, LaVar."

Watu walicheka. Okelberry akauliza tena urani ya kukiwasha kinu inatoka wapi, na marehemu akasema ni kali kuliko ya zamani, na mwenye kuiuza kwa sasa ni Mrusi peke yake. Vicheko vikaongezeka. Marehemu hakucheka. Alisema, "Baba yangu aliuawa na makaa na hakuna aliyemuuliza yanatoka wapi. Nyie endeleeni kukohoa, mimi namtaka mwanangu abaki hapa." Wengi wenu mlinyoosha mikono kwa ajili ya maneno yale, nami nilinyoosha wangu. Kinu kilichelewa miaka miwili kwa sababu ya urani hiyohiyo, kodi za nyumba zikapanda na wengine wakahama. Lakini msingi umemwagwa, na sijabadilisha mawazo. Nalisema hili ili Okelberry asije kunishika mkono nikimaliza.

Waendesha matanuri waliitwa kufundishwa upya. Marehemu aliingia darasani na miaka hamsini na kitu, na mdomo usio na breki. Mwalimu alikuwa mhandisi Paula Engstrom kutoka Idaho, ambaye yupo hapa leo, na mnaozungumza naye simameni upande wa kulia, kwa maana sikio la kushoto halisikii tena. Somo la kwanza kabisa lilikuwa hili. Sodiamu ikivuja huungua kwenye hewa, na moshi wake mweupe ni mzito. Ikiguswa na maji inalipuka. Unaifunika kwa mchanga mkavu, unaondoka, basi.

"Bwana Zupan," Paula alimuuliza siku ile, "ukiona moshi mweupe unafanya nini?"

"Nafungua maji."

"Umeshakufa. Anayefuata?"

"Binti, nimezima moto wewe bado hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza," akajibu Paula.

Darasa lilimcheka wiki nzima, na marehemu hakupenda kuchekwa. Alikwenda nyumbani akasoma. Nilimkuta jikoni anasoma kwa sauti, Darla anamuuliza maswali huku anamenya viazi. Kwenye mtihani alikuwa wa kwanza. Nataka hilo lisikike vizuri mpaka kwenye kiti cha mbele. Marehemu alikuwa wa kwanza.

Jengo la mafunzo lilikuwa halijakamilika, kwa hiyo marehemu aliwapa uwanja wa zimamoto bure. Alijisifu kweli. Paula aliagiza bomba la uwanjani lifungwe kwa kufuli, likafungwa. Ufunguo alikuwa nao kapteni, na asubuhi ya ajali alikuwa amelifungua ili aoshe gari la zimamoto. Hakulifunga tena. Wa kikosi mliokuwepo mnajua, na mmekaa kimya mkaandika shujaa.

Tarehe 14 Septemba, saa nne asubuhi, Paula aliwasha sodiamu kidogo kwenye sinia ili wanafunzi waione inavyoungua. Wanafunzi walisimama nyuma ya mstari mweupe kama walivyofundishwa. Mguu mmoja wa meza ukateleza, sinia likainama, na moto ukamwagikia sakafuni. Ulikuwa moto wa kuenea kwenye sufuria ya supu. Hapakuwa na mtu hatarini. Karatasi yenu inasema alijitupa mbele ya wanafunzi wawili. Hakuna aliyehitaji kutupiwa mtu. Ndoo ya mchanga mkavu ilikuwa kando ya goti lake. Paula alipiga kelele, "Mchanga!" na marehemu akaiinamia ile ndoo, wote walimwona akiinama, kisha akaisogeza pembeni kwa mguu ili aufikie mpira.

Mlipuko ulisikika mpaka kanisani. Walimpeleka kwa ndege Salt Lake City, kwenye wodi ya walioungua. Sodiamu ikishakutana na maji huacha magadi makali yanayokula nyama polepole, na yalikuwa yamekula macho yake. Nilikaa naye. Aliniuliza kama moto ulizimika. Nilimwambia ulizimika, kilichobaki kikiwaka ni yeye. Mnaguna, lakini alicheka, au alijaribu, maana midomo haikuwa ya kucheka tena. Halafu akasema maneno ambayo Darla hakutaka yachapishwe.

"Nilijua, Neva. Nilijua kabisa. Mkono ulikwenda wenyewe."

Alifariki tarehe 20 Septemba mchana, mkono ule ukiwa umefungwa bandeji.

Basi Tate, mwanangu, nisikilize mimi shangazi yako. Juzi uliniambia, "Mzee alikosea kwa sababu hakuelewa. Mimi nimesoma chuo." Baba yako alielewa kukushinda. Kilichomuua si ujinga, wala si kinu, na ushujaa haukuwepo. Aliuawa na mkono uliopigiwa makofi tangu akiwa na miaka tisa, na wewe unao mkono huohuo, aliutengeneza yeye mwenyewe pale uani kwa mapenzi yote. Leo wanaume hawa wanataka kuupigia makofi tena. Ukiingia pale Jumatatu ukiwa mtoto wa shujaa, nitasoma karatasi nyingine kabla theluji haijayeyuka, na mama yako ataniandalia picha.

Jana Rulon Beck, kapteni mpya, alikuja na chungu cha viazi vya msibani chini ya kwapa. Walitaka magari mawili yarushe maji juu ya jeneza, yakutane hewani, kama zimamoto wanavyozikwa.

"Dada Neva, ni heshima ya kikosi."

"Mmeshampa heshima hiyo. Ndiyo tunayoizika."

"Watu watasemaje?"

"Waseme amezikwa mkavu. Viazi acha, wewe nenda."

Akaenda, lakini naona magari yamekuja, yameegeshwa pale langoni, na mipira imenyooshwa. Rulon, ikunjeni. Tutasubiri.

Asante.

Marehemu ameacha mke, Darla, ambaye hatazungumza nami leo wala kesho, nami namtunzia nafasi. Ameacha mtoto, Tate. Ameacha dada, mimi. Ameacha mwalimu mwenye sikio moja ambaye kila siku alikuja hospitali na hakuruhusiwa kuingia, kwa sababu familia ilihitaji mtu wa kumlaumu. Ameacha msingi wa zege kule ng'ambo ya reli ambao, Mungu akipenda, utawasha taa za mji huu bila kumkohoza mtu. Wametangulia mbele yake Anton, Thelma, bibi na kabichi yake.

Ndoo hiyo mnayoiona kando ya kaburi nilimuomba Paula. Ni ileile, na mchanga ni uleule, hakuna aliyeugusa. Udongo wa makaburi umelowa kwa mvua ya jana, tuuache kwanza. Tate, vua koti hilo umpe mama yako. Njoo uchote. Usimwage kwa kurusha, inama, funika taratibu kama anavyofundisha Paula, kuanzia pembeni kwenda katikati. Mkono ukitaka kurusha, rudia. Tutakaa hapa mpaka ujue kwenda wenyewe.

LaVar, mdogo wangu, mwenye kichwa kigumu, pumzika kwa amani, na safari hii pumzika pakavu.