Dakika Ishirini za Eteri

Kuandika hatua moja ya sataranji, herufi tatu na tarakimu mbili, kunachukua muda gani, Ketino? Usinitazame kama daktari, nijibu. Sekunde tano? Haya, tuseme kumi, maana una shahada ya sheria na huna kazi, muda wa kupamba mwandiko unao. Eteri Lomtadze alichukua dakika ishirini. Nilizihesabu kwenye saa ya mchezo, yeye kainama, mkono wa kushoto umekinga karatasi kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu, anaandika, anatua, anacheka puani, anaandika tena. Mwaka wa hamsini na mbili huu nataka kujua aliandika nini, na wiki hii siimalizi, kwa hiyo sikilizeni wanangu, na wewe Ketino andika, hiyo shahada ifanye kazi walau siku moja.

Natela mwanangu, nyumba hii ya Kutaisi ni yako, na mzabibu wake, na ule ufa wa ukutani ambao baba yako aliapa kuuziba ukiwa darasa la pili. Ketino, wewe chukua sataranji ya bibi yangu, aliyoingia nayo kwa mumewe ndani ya sanduku moja na mashuka. Farasi mmoja mweusi si farasi, ni kokwa kavu ya jozi. Msimtafutie mbadala. Nimewapiga watu wazito na jozi hiyo hiyo.

Sasa bahasha. Ninyi mmekulia kwenye kompyuta, hamjui kwamba zamani mchezo ukirefuka uliahirishwa hadi kesho yake, na mwenye zamu hakugusa kete, aliandika hoja yake, yaani kete ipi inakwenda wapi, kwa siri, akaifunga kwenye bahasha, mwamuzi akaifungia kabatini. Ilikuwa Tbilisi, raundi ya mwisho, na nafasi ya kwenda kucheza nje ilikuwa moja tu. Eteri, rafiki yangu tangu tukiwa na miaka saba, alinizidi nusu alama. Sare ingempeleka yeye, ushindi ungenipeleka mimi, na askari wangu alibakiza hatua mbili awe malkia. Zamu ikawa yake. Akaandika zile dakika ishirini.

Asubuhi bosi wa michezo akaniita ofisini. "Mzevinar, mama," akasema, mtamu kama asali, "tumesikia umembatiza mtoto. Saini sare, nasi tutakuwa hatujasikia." Siku zile serikali ilipiga vita kanisa, ubatizo ulitosha kumfutia mchezaji kila kitu. Mtoto huyo ni wewe, Natela, usilie, maji yale ya kanisani nisingeyabadilisha na kombe lolote. Nikashika kalamu. Saini ya Eteri ilikuwa pale tayari, wino umekauka.

Wino ule ndio ulionitia uchungu. Bahasha haikufunguliwa, maana niliposaini mchezo ulikuwa umekwisha kwa sare, na mimi sikuiulizia. Yeye akaenda nje, akarudi na cheo. Cha kwangu cha ubingwa mkuu nilikipata nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nikacheza Belgrade, nikacheza Havana, nikacheza Uholanzi siku kumi na nne za mvua, na kila nilipomwona Eteri kwenye korido nilijifanya nasoma ukuta.

Kafa mwezi Februari. Mwanawe Otar kaja hapa, kaacha mkate wa jibini mezani, kasimama mlangoni na kofia mkononi. "Shangazi, mama alinituma. Alisema hivi: Mzevinar anajua kuhesabu, hajui kuuliza. Niliandika dakika ishirini nzima, na mjinga yule hajawahi kuomba ifunguliwe." Nilicheka hadi Natela akaniletea dawa. Mjinga! Amekufa na bado ananipiga!

Eti "Bebia, bibi yangu, pumzika"? Nipumzike nini, Ketino, mapumziko yanakuja kwa wingi.

Ile hali ya mchezo nimeichambua maisha yangu yote. Alikuwa na hoja kumi na moja, tisa zinamwangusha, mbili zinamwacha hai. Hakuna hata moja inayohitaji dakika ishirini za kuandika. Basi ni nini? Labda alikubali kushindwa, akaeleza sababu. Labda walimfuata yeye kabla yangu, akanionya. Labda alichora pua yangu. Hasira imeniisha, wanangu, hasira inachosha. Kilichobaki ni hamu ya kujua, nayo ndiyo inayonishikilia hai kitandani hapa kuliko dawa zenu.

Natela... nipe maji. Inatosha.

Msiniwekee kombe jenezani. Otar akija, mkalisheni karibu na familia. Na ninyi muwe na macho ya kuona, na mdomo wa kuuliza, mapema, mtu angali hai. Mungu awape hilo. Mengine... mengine mtajipatia.

Mwisho andika kwa herufi kubwa, Ketino. Ninyi wakubwa wa chama cha sataranji, mmemwambia mjukuu wangu Ketino bahasha bado ipo kabatini, na kwamba sharti wachezaji wote wawili wasaini ndipo ifunguliwe. Mmoja yuko kaburini. Mnamngoja? Saini yangu hii hapa, imepinda... lakini ni yangu. Ya Eteri ataweka Otar. Ileteni. Mkinikuta nimekwisha, isomeni juu ya udongo wangu, kwa sauti, neno kwa neno, dakika zote ishirini.

Fungueni.