Mkono Mwingine Kwenye Kabureta Yangu

Sogeeni, wanangu, na hilo pazia lifungeni, kwa sababu mtu aliyeko uani na pikipiki yangu Kongwe sitaki auone uso wangu wakati namsema. Mama yao, kaa hapo miguuni, usilie, bado sijafika huko. Daktari amesema kifua kimechoka, kama vile mimi mwenye kifua sikujua. Basi niacheni niseme nikiwa na pumzi, na mtu asinikatize, hata kwa pole.

Nyumba ni ya mama yenu maisha yake yote, asihamishwe hata kutoka chumba hiki kwenda kile. Gereji na vifaa vyote ni vyenu wawili, wewe mwanangu wa kwanza na wewe binti yangu, na msije mkagawana spana mojamoja kama watu wanaogawana nyama, maana seti ikishakosa namba kumi haina kazi tena. Hayo yamekwisha, wala hayaniumizi. Linaloniumiza ni Kongwe.

Kongwe mnaijua. Mlikwenda nayo shule, mmoja mbele juu ya tangi, mmoja nyuma kanishika mkanda, na watu barabarani walikuwa wakigeuka kabla hawajatuona, kwa ule mngurumo wake wa taratibu, uliotulia, usio na papara. Mngurumo ule niliutengeneza mimi, kwa sikio. Nilikuwa naiwasha, naiacha ipate moto, nachuchumaa na bisibisi, nafunga skrubu ya hewa kwenye kabureta mpaka injini ianze kuzama, naifungua mpaka ianze kuhangaika, kisha narudi katikati, na hapo katikati nilikuwa napajua mimi peke yangu. Mafundi wenzangu walikuwa wakija kusimama mlangoni wakijifanya wanapita, na mimi nilikuwa nawapa mgongo ili wasione mkono. Nilikuwa mchoyo wa ile skrubu kuliko wa kitu chochote nilichopata kumiliki.

Basi shikeni haya, maana ndiyo ninayowaachia zaidi ya bati na matofali. Kongwe ikiwaka kwa choki tu, na ukiirudisha choki inazima, usimlaumu mwenye kituo cha mafuta. Jeti ndogo ya kabureta, ile inayopitisha petroli, imeziba. Itoe, ipulize, iinue juani, na kama huoni mwanga kwenye tundu lake, ipulize tena. Usiingize waya. Wewe mwanangu wa kwanza uliingiza waya, tundu likapanuka, pikipiki ikaanza kunywa petroli utadhani imetoka jangwani, na ukanitazama usoni ukaniambia ndivyo ulivyoikuta. Ikivuja chini ya bakuli la kabureta, toa boya linaloelea humo ulitikise. Kama petroli inacheza ndani yake, limetoboka. Ikijipandisha sauti bila mtu kuvuta mafuta, ujue inanyonya hewa mahali. Dondosha oili kidogo pale kabureta inapoungana na injini, na sauti ikibadilika, umemkamata mwizi wako. Na plagi ikitoka nyeusi kama sufuria ya kuni, imezidishiwa petroli, inataka hewa.

Plagi nyeusi. Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda.

Masikio yangu yameniacha, wanangu. Mkinisemesha nawapata, lakini kile kilio chembamba kilichoko ndani ya mngurumo, kile nilichokuwa nakifuata kwa bisibisi, kimeondoka, na kimeondoka polepole hata sikukiona kikitoka. Mimi nikaendelea kuchuchumaa kila Jumamosi, nafunga, nafungua, nasema hapo, kumbe hapo hapakuwa hapo. Na ninyi mlijua. Kongwe ilikuwa inakohoa mpaka jirani anatoa kichwa dirishani, na ninyi mnasema imekaa vizuri, baba.

Binti yangu, nilipokubali uolewe na fundi cherehani, nilijiambia huyu ni mtu mpole, mikono safi, hatanisumbua. Sikujua kwamba mtu anayeshinda siku nzima akisikiliza vyerehani vibovu vya watu vinaporuka mshono ana sikio la namna ile. Kila Jumamosi jioni alikuwa anakuja kunisalimia, shikamoo baba, anakaa kidogo, na mama yenu ananiambia maji ya kuoga yapo tayari. Nilikuwa nadhani ni mapenzi. Naoga, narudi, mkwe ameshaaga, na kesho yake asubuhi Kongwe inawaka kwa kiki moja na kutulia tuli, na mimi nasimama uani kifua mbele, nasema mnaona, mkono wa mzee, na ninyi mnaitikia, kweli baba, mkono wa mzee.

Nilianza kuingiwa na shaka pale nilipokuta plagi safi wakati mimi mwenyewe nilijua niliiacha nyeusi. Nikachukua rangi ya kucha ya mama yenu, nikatia tone dogo pale kichwa cha skrubu kinapokutana na mwili wa kabureta, Jumamosi, kabla ya kwenda kuoga. Asubuhi tone lilikuwa limepasuka katikati, nusu huku, nusu kule. Niliiwasha, ikatulia, na mama yenu akasema mkono wa mzee, na mimi nikaingia ndani nikajilaza, na tangu siku hiyo sijaamka vizuri.

Mnadhani nilikasirika kwa sababu mlinidanganya. Hapana. Najua mlikuwa mnanistiri. Ni wivu, wanangu, wivu mtupu, tena wa mtu mzima, ambao ni mbaya zaidi. Mke wangu nilimwamini miaka yote, hata alipokuwa anasifiwa sokoni sikugeuza shingo. Lakini kufikiria mtu mwingine amechuchumaa pale, kwenye kivuli changu, anaizungusha skrubu yangu, na inamtii, na anaondoka bila hata kujisifu! Angejisifu ningemchukia nikapumzika. Hajisifu. Jana nimelala hapa nimemwona kupitia dirisha anafuta kabureta kwa kitambaa cha mfukoni mwake, na nimegeukia ukutani kama mtoto.

Sasa sikieni agizo. Nimejaribu kumpa Kongwe yote, kwa sababu akili inajua ndiye anayestahili, lakini roho imekataa, na roho ya mtu anayekufa msiilazimishe. Pikipiki ni ya mwanangu wa kwanza. Kabureta ni ya mkwe. Msicheke. Mmoja hatakwenda popote bila mwenzake, na mwenzake hatakuwa na kitu cha kushika bila huyu, na mtalazimika kunywa chai pamoja kila Jumamosi mtake msitake. Mkigombana, ikae uani iote kutu mbele ya macho yenu.

Na Mungu awakuze mkiwa mmoja. Awape mikono inayoweza na macho ya kuona mikono ya wengine inayoweza zaidi. Watoto wenu wawazidi, na mtakapozidiwa, isiwaume kama ilivyoniuma mimi. Mama yao... wewe umeshabarikiwa, umenivumilia.

Nimechoka. Fungueni pazia. Mwiteni.

Mkwe. Marahaba. Usisogee, na uso huo usiinamishe, najua ulikuwa unasikia. Rudi uani. Isukume Kongwe mpaka hapa dirishani, ncha ya usukani iguse ukuta, upande huu wa kitanda. Uwe na bisibisi.

Binti yangu, niinulie mkono. Kiganja, kiweke ukutani. Kibonyeze, mimi sina nguvu.

Haya... awashe.

Siisikii. Inawaka? Basi sii... ngoja. Ngoja. Hii hapa, inapanda kwenye mfupa. Ndiyo. Ndiyo, yenyewe. Mama yao, weka na wewe mkono.

Mwambieni... apunguze hewa. Kidogo sana. Asinibishie, najua anaona ipo sawa, afanye.

Eeh. Hapo. Hapohapo, mkwe. Hiyo ndiyo katikati.

Hivi... umeizungusha kweli, au umeinama tu?

Hapana. Usiniambie.