Nani Atarusha Taulo

Tangu Jumatatu hakuna aliyetulia kwenye benchi la kona ya fundi viatu, mtaa wa Los Almendros, mjini Cartagena. Mtu akikaa anainuka, akiinuka anapiga ngumi mbili hewani, kisha anarudi kukaa na kumbana mwenzake. Leo Alhamisi, pambano Jumamosi. Kijana wao Deiver Cassiani, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, anapanda ulingoni na Mpanama aitwaye Abdiel Góndola, mtu ambaye hajapigwa na yeyote. Joto limegoma kupungua, mvua imegoma kunyesha, na Wilfrido muuza kahawa ameegesha kitoroli chake cha themosi palepale tangu saa nane mchana, kwa sababu wiki hii hana haja ya kuzunguka kutafuta wateja.

Nicomedes peke yake ndiye aliyekuwa kimya. Zamani alipigana ngumi miaka kumi na moja, na Jumamosi ndiye atakayekaa kwenye kona ya Deiver pamoja na kocha, kushika ndoo na taulo, lile linalorushwa ulingoni kusimamisha pambano. Kwa hiyo wenzake walimtupia jicho kila baada ya maneno mawili. Yeye alikitazama kikombe chake, alichokishika kwa mikono miwili, maana wa kulia ukiachwa peke yake hutetemeka.

— Raundi ya tano, haifiki ya sita, alisema Redio, mnyoa nywele ambaye hajawahi kuzimwa na mtu. Yule Mpanama anapumua kwa mdomo. Nimemwona. Mtu wa kupumua kwa mdomo akipigwa tumboni, kwisha habari yake.

— Acha hizo za mdomo, alisema Rula, seremala mstaafu. Mimi nimempima. Kwenye televisheni yangu mkono wake ni sentimita tisa. Wa Deiver, kumi na moja.

— Wamepigana lini hao ukawapima? aliuliza Redio.

— Hawajapigana. Yalikuwa mapambano mawili tofauti. Lakini televisheni ni ileile!

— Thubutu! Mzee, hiyo rula yako imelewa?

— Cheka tu. Jumamosi utanipigia magoti.

Wilfrido alifunga themosi, akasogea, akashusha sauti.

— Nyie wote hamjui kitu. Yule si mtu mmoja.

— Unasemaje?

— Ni mapacha. Raundi za mwanzo anapigana huyu, za mwisho anapigana yule. Mnadhani ni kwa nini hachoki?

— Wanabadilishana wapi, bwana, mbele ya watu elfu nne?

— Akikaa kwenye kigoda wanamzunguka, sivyo? Wanamfunika kwa taulo, sivyo? Hapo uso wake unauona?

Rula akahesabu kwa vidole.

— Basi itabidi nimpime upya, alisema Rula.

— Nico, hebu sema wewe! Redio aliruka kusimama. Wewe unaingia kule ndani. Kijana yukoje?

— Yuko sawa. Anakimbia vizuri.

— Anakimbia vizuri! Tumekuuliza habari za punda?

Nicomedes hakucheka. Usiku uliopita hakulala. Jana, kwenye ukumbi wa mazoezi, Deiver akifungwa vitambaa mikononi, aliwaambia yeye na kocha: "Hata nikianguka mara tano, asirushe mtu taulo. Tumeelewana?" Kocha alisema tumeelewana. Nicomedes alitikisa kichwa kukubali, na tangu hapo kichwa hicho kilimwia kizito.

Ndipo alipotokea Bi Eulalia, mama yake Deiver, na beseni la peremende za nazi kichwani. Miaka yote hupita upande wa pili wa barabara, kwa kuwa habari za ngumi hataki kuzisikia. Leo alivuka. Wanaume walisogea wote kwa pamoja, Rula nusura aanguke.

— Karibu, Bi Eulalia! Kaa, mama, kaa.

— Sikai. Nina swali dogo tu. Nyinyi ndio mnaoyajua mambo haya.

— Uliza, alisema Redio, akajiweka sawa. Umefika penyewe.

— Jumamosi mwanangu akizidiwa, nani atarusha taulo?

— Hatazidiwa, mama! Yule Mpanama anapumua kwa...

— Hilo sikuuliza.

— Mwamuzi yupo, alisema Wilfrido.

— Mwamuzi simjui. Nauliza wa kwetu.

— Kocha, basi, alisema Rula. Ndiyo kazi yake.

— Kocha nimemwuliza asubuhi. Akanunua peremende sita, akaenda zake bila kunijibu.

Hapo hata Redio alizimika. Macho yote yakamwendea Nicomedes. Alitamani aseme lolote la kumpoza yule mama, lakini ulimi ulikataa uongo.

— Hakuna, alisema. Deiver ametukataza. Na mimi nilitikisa kichwa kukubali.

— Ulitikisa kichwa.

— Ndiyo, mama.

Bi Eulalia alilitua beseni benchini, pale alipokuwa amekaa Rula, akaanza kupanga peremende ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Kutoka chini ya barabara alikuja Deiver, anakimbia, koti la nailoni limembana, anapunguza kilo za mwisho kabla ya kupimwa uzito. Alipomwona mama yake kijiweni alisimama ghafla.

— Mama! Unafanya nini hapa?

— Nauza.

Nicomedes aliinuka.

— Deiver, lile la jana nalifuta. Nikiona umezidiwa, nitarusha taulo.

— Mzee, tulielewana!

— Na mimi nilielewana na watu wa kona yangu. Niliwaomba wasirushe, wakanisikiliza. Nilipigwa raundi tisa. Tazama.

Aliunyosha mkono wa kulia, akauacha utetemeke mbele ya watu wote. Miaka mingi walikunywa naye kahawa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuutaja.

— Basi Jumamosi baki nyumbani, alisema Deiver. Nitapata mwingine.

— Mtafute. Lakini huyo naye ataulizwa na mama yako.

Deiver alipiga hatua tatu, akasimama, akarudi.

— Si kabla ya raundi ya nane.

— Nikiona.

— Ya saba, mzee! Na niwe nimeshaanguka mara mbili.

— Hapa hatupatani bei ya peremende, alisema Bi Eulalia. Kasema akiona.

Kijana alicheka bila kutaka. Alilivua taulo shingoni, lililolowa chapachapa, akamtupia Nicomedes kifuani.

— Haya, anza mazoezi leo. Ulingo mpana ule. Kwa mkono huo utampiga mwamuzi.

— Atumie wa kushoto, alisema mama yake, akajitwisha beseni, akavuka barabara.