Chapa Iliyoangalia Kushoto

Kijiwe chetu kiko Nyegezi, hatua mia mbili kutoka stendi ya mabasi, upande wa kivuli wa jiwe ambalo waliojenga mtaa walishindwa kulivunja wakaamua kulizunguka. Pana benchi moja la mbao, jiko la mkaa, birika la kahawa na sahani ya kashata. Birika ni la Yassin. Benchi ni la yeyote anayewahi. Wanaowahi kila siku ni Mzee Ndalahwa, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa dalali wa ng'ombe na hadi leo tunamwita Mnada, na Obedi wa bodaboda, anayeitwa Profesa kwa sababu anaegesha pikipiki karibu na geti la chuo. Wa tatu ni Nestory. Huyu tangu mwaka jana ana mashine ndogo ya leza nyumbani kwake, juu ya meza ya cherehani ya mkewe, na anachoma nayo majina kwenye miko ya maharusi na vishikio vya funguo. Tunamwita Mionzi. Jumamosi iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, Mionzi alifika amebeba kigoda kilichofungwa kwenye kanga, akakiweka katikati ya benchi na kukifunua.

— Mninga mtupu, akasema. Gogo moja, hakina hata msumari. Seremala alikikalia wiki tatu.

— Alikikalia kabla hakijaisha? Profesa akauliza.

— Alikichonga, Profesa. Kunywa kahawa yako.

Juu ya kigoda, pale mtu anapokaa, palikuwa na alama iliyochomwa na leza: fimbo iliyosimama, kichwa chake kimepinda kama mkongojo, na chini ya mpindo kitone kimoja. Mistari ilikuwa safi. Hata Yassin, ambaye hasifii kitu kisichomiminika, aliinama kukiangalia.

— Cha nani? akauliza.

— Cha baba yake Gladness, yule nesi. Mzee Shimba wa Magu. Kesho anawagawia watoto wake ng'ombe mbele ya watu, na atakalia hiki. Hiyo ni chapa ya ng'ombe wao. Gladness anapita saa nne kukichukua, apande basi. Na manesi wenzake saba wanasubiri kukiona kwenye simu ndipo na wao waagize.

Mzee Mnada alisogea karibu. Aliweka kikombe chini, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye fimbo hadi kichwani.

— Mionzi, akasema. Umesema Shimba?

— Ndiyo, mzee.

— Shimba namjua. Nimemuuzia madume mnadani tangu hujaoa. Fimbo ya Shimba inaangalia kulia.

Tukaangalia kigoda. Fimbo ilikuwa inaangalia kushoto.

— Inayoangalia kushoto ni ya nani? Mionzi akauliza polepole.

— Ya Ngosha. Jirani yake. Babu zao walikuwa ndugu, wakagawana fimbo, mmoja akaielekeza huku, mwingine kule. Na hao wawili wana kesi ya dume moja, mwaka wa kumi na tisa huu. Dume lilivuka mpaka, likarudi na ndama, kila mmoja akasema ndama ni wake.

— Hawasalimiani? nikauliza.

— Wanasalimiana vizuri sana. Ila kila msiba, kila harusi, lazima dume lile litajwe. Na kesho Ngosha atakuwepo, ni shahidi. Sasa Shimba anakaa mbele ya watu kugawa ng'ombe zake, na kigoda kinasema ng'ombe ni za Ngosha.

Mionzi aliketi. Kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa, aliketi chini.

— Piga msasa, Profesa akasema. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hii imeshaungua, Profesa. Nimepitisha moto mara mbili ili iingie. Nikipiga msasa mpaka iondoke, pale katikati patakuwa bakuli.

— Basi kigeuze. Mbele iwe nyuma.

Profesa alichovya kidole kwenye kahawa yake, akachora fimbo juu ya benchi, kichwa kushoto. Kisha akazunguka benchi kwenda upande wa pili kuiangalia. Akarudi.

— Umeona nini? Mzee Mnada akamuuliza.

— Nimeona fimbo imesimama kwa kichwa.

— Ndiyo hiyo. Ng'ombe akilala chali hawi wa mtu mwingine.

Yassin alimimina mzunguko wa pili. Yeye ni mtu wa suluhisho.

— Ongeza kichwa kingine upande wa kulia, akasema. Fimbo iangalie kote. Itapendeza, kama mwamvuli.

Mzee Mnada alicheka mpaka akakohoa.

— Yassin, wewe ni mtu wa Pangani, nakusamehe. Unajua anayeongeza kichwa kwenye chapa ni nani? Mwizi. Akiiba ng'ombe wa Shimba anaongeza mstari, anaongeza kitone, anampeleka mnada wa mbali. Nimekamatisha watatu kwa kichwa cha pili. Mpeleke Shimba na mwamvuli wako, wazee wa Magu watauliza ng'ombe wameibiwa lini.

— Mimi nilifikiria urembo tu.

— Urembo upeleke kwenye kashata.

Mionzi alikuwa ametoa simu, anatazama picha aliyotumiwa na Gladness. Aliifanyia kazi siku mbili, akasema, alilikuza paja la ng'ombe mpaka likajaa kioo, akaifuata alama kwa kidole. Hakuongeza kitu wala kupunguza.

— Basi kosa si lako, Profesa akasema. Mashine imetoka wapi?

— China.

— China wanaendesha magari upande gani wa barabara?

— Sijui. Kulia.

— Umeona? Mashine imezoea kulia kwake. Ukiileta huku kwetu tunakoendesha kushoto, inachanganyikiwa. Hii mashine ilitakiwa ipite mafunzo kwanza.

— Mbona majina ya maharusi huwa yanatoka sawa? Yassin akauliza.

— Majina ni marefu, inapata muda wa kufikiri.

— Profesa, Mzee Mnada akasema, pikipiki yako imetoka India, mbona hatujaiona ikicheza kama kwenye filamu zao?

— Subiri, mzee, sijamaliza. Kuna jambo zito zaidi. Hiyo leza ni mwanga, sivyo? Na mwanga hausemi uongo. Hospitali wanamulika mtu, wanaona mpaka mfupa. Sasa mashine imemulika ng'ombe wa Shimba kwa siku mbili. Imeandika nini? Ngosha. Mimi nasema ndama yule alikuwa wa Ngosha kweli. Mashine imetoa hukumu.

— Imemulika picha, Mionzi akasema. Haijamuona ng'ombe.

— Aliyekula na kipofu hamkosi kidole, Profesa akajibu, na hakuna aliyemuuliza ana maana gani.

Yassin aliomba simu. Aliisogeza mbali na macho, kisha akaibana picha kwa vidole viwili hadi ikaonekana yote. Gladness alikuwa amesimama kando ya ng'ombe mwekundu, mkono umenyooshwa kwenye kamera, anacheka. Nyuma yao palikuwa na josho la ng'ombe, na ukutani kibao cha maelekezo.

— Mionzi, hicho kibao kinasema nini?

Mionzi alisoma. Akajaribu tena. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, kama gazeti lililosomwa kwenye kioo cha kinyozi.

— Kajipiga mwenyewe, Yassin akasema. Selfi. Simu nyingine kamera ya mbele inageuza. Kushoto inakuwa kulia.

— Nilikuza paja tu, Mionzi akasema. Kibao sikukiona.

Hapo hata Profesa alichukua kashata, akaitafuna yote. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

— Sasa sikilizeni, akaanza tena. Dada akija, mwambie umeme ulikatika katikati ya kazi, mashine iliporudi ikaanzia upande mwingine. Nani atapinga? Umeme haujawahi kuja kijiweni kujitetea.

— Au mwambie ni kosa lake, Yassin akasema. Si yeye aliyetuma selfi?

— Au mwambie baba yake amebadilisha chapa na yeye hajaambiwa, Mzee Mnada akasema, kisha akajitingisha. Hapana, futa hiyo. Kahawa ya Yassin leo kali.

Mionzi alikifunga kigoda kwenye kanga, akakifungua, akakifunga tena. Nilimuuliza angesema nini. Akasema kama angekuwa anajua asingekuwa amekaa chini.

Gladness alifika saa nne kamili, begi begani, tiketi mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, ng'wanawane, mwanangu, Mzee Mnada akaitikia, akijitazama viatu.

— Kaka Nestory, basi linajaa. Kiko wapi?

Mionzi alisimama, akamfunulia. Gladness aliinama mara moja tu.

— Hii ya Ngosha.

— Ndiyo, dada. Nimekosea. Picha uliyonitumia ilikuwa imegeuka, na mimi sikuiangalia yote. Niliangalia paja tu.

Profesa alifumba macho kwa uchungu, kama mtu anayeona penalti ikipigwa nje. Gladness alikishika kigoda kwenye miguu yake, akakigeuza upande, akakirudisha. Akapapasa pale katikati.

— Na nani alisema iwekwe hapa?

— Hukuniambia pa kuiweka. Mashine inataka mahali tambarare. Pembeni ni duara, inachoma ovyo. Kwenye tambarare ni hapo tu.

— Kwa hiyo kama ingetoka sawa, baba yangu kesho angekalia chapa ya ng'ombe wake?

Mionzi alimtazama Mzee Mnada. Mzee Mnada alimtazama Yassin. Yassin alikuta birika lina vumbi, akaanza kulifuta. Tulikuwa tumebishana saa moja na nusu kuhusu kulia na kushoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria makalio.

Gladness alisogea hatua chache, akapiga simu. Aliongea Kisukuma, kwa sauti ya chini. Nilisikia jina la Ngosha mara mbili. Kisha akasikiliza, simu sikioni. Profesa alijaribu kusogea karibu, Mzee Mnada akamvuta shati. Kutoka kwenye simu tulisikia kitu kama mtu anayekohoa. Kiliendelea. Hakikuwa kikohozi.

Alirudi akiwa amejizuia kucheka, na hakufanikiwa sana.

— Baba anasema mtu asikiguse. Kije kilivyo.

— Atakikalia? Mionzi akauliza.

— Anasema amemtafutia Ngosha mahali pa kumweka kwa miaka kumi na tisa. Sasa amepapata.

Mzee Mnada alipiga goti lake kwa kofi.

— Lakini Ngosha atakuwepo, nikasema. Atakiona.

— Alikuwepo hapohapo, wanafunga turubai pamoja. Baba kamwambia. Ngosha kasema sawa, ila na yeye anataka chake, chenye chapa yetu, akikalie. Baba amekubali. Wamesema wakishakaliana, habari ya dume imekwisha. Sasa, kaka Nestory, cha Ngosha kinaweza kuwa tayari kesho?

— Seremala ni wiki tatu, dada.

— Nimemwambia baba hivyohivyo. Anasema Ngosha atasubiri amesimama.

Profesa alinyoosha kidole juu.

— Si niliwaambia? Mwanga hausemi uongo.

— Wewe ulisema mashine imempa Ngosha ndama, Yassin akamkumbusha.

— Nilisema imetoa hukumu. Rufaa sikuzungumzia.

Mionzi alikifunga kigoda, safari hii fundo moja, akambebea Gladness begi mpaka ukingo wa barabara. Honi ya basi ililia stendi. Gladness alipiga hatua tano, akasimama, akageuka.

— Kaka Nestory, hicho cha Ngosha utatumia picha ileile?

— Ninayo hiyohiyo tu.

— Sasa utaigeuza au utaiacha?

Mionzi aliinua mkono wa kulia, akautazama, akainua wa kushoto. Mzee Mnada alivaa miwani tena. Yassin alisema igeuzwe, halafu akasema hapana. Gladness hakuweza kungoja, akakimbilia basi.

— Tulieni, Profesa akasema. Jambo dogo hili. Nachora.

Akachovya kidole kwenye kikombe chake. Kilikuwa kikavu. Akachovya cha Mzee Mnada, kikavu. Yassin aliinamisha birika juu ya benchi, akalitikisa, yakaanguka machicha matupu ya kahawa.