Harusi ya Bwambale Yupi?

Hapa Kinyamaseke, kwenye benchi la Yudesi muuza kahawa, tunaitana kwa majina ya utani. Si utoto. Kwetu mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale, upende usipende, na ukiita Bwambale barabarani watageuka wanaume sita, na mmoja atashuka kwenye baiskeli. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwaka sabini na mbili nilimhurumia sana Fidèle, mpiga gitaa wa Butembo, alipofika na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa ameitwa kwa barua: njoo upige harusi ya Bwambale, Jumamosi, saa sita. Basi. Na ilibaki nusu saa ifike saa sita.

— Tangu Bwera mpakani nimepigia Bwambale tatu, alisema. Wa kwanza alikuwa anazika mama mukwe. Nikapiga, watu wakalia muzuri, wakanipa kuku. Wa pili ni afande wa kizuizi. "Piga!" Nikapiga. "Ruka!" Nikaruka. Wa tatu ni muzee wa miaka makumi nane. Kusikia tu iko na harusi, akavaa koti, akaniuliza bibi iko wapi.

— Sasa huyo mzee yuko wapi? aliuliza Redio, ambaye hajawahi kunyamaza.

— Iko nyuma, anakuja polepole.

— Mimi najua, alisema Redio. Ni Bwambale wa Nyakalengija, anayebebea wazungu mizigo. Anaoa juu kabisa mlimani, kwenye theluji, nyama isioze!

— Pumbavu! alifoka Koplo, askari mstaafu. Huo ni mtego! Serikali inakusanya Bwambale wote, ibadilishe nusu yao majina.

— Watupe majina gani? aliuliza Redio.

— Namba!

Mimi hasira zikanipanda. Jamani, mwonyesheni mtu njia!

— Harusi iko Kyarumba, alidakia Kabuti, anayevaa koti zito hata juani. Mlimani kule. Panda upesi, gitaa weka kichwani.

— Kyarumba? Kwa nusu saa? Fidèle karibu alie. Nikikosa harusi hii, nani ataniita tena Uganda?

Hapo tukamwona Tabisa, binti wa fundi baiskeli, anakuja mbio, gauni jeupe amelikunja hadi magotini, viatu mkononi.

— Bwambale!

Tukasimama wanne.

— Nyinyi kaeni. Nasema na huyu wa kabuti. Padri amevaa, mbuzi ameiva. Barua uliandika mwenyewe, ukaapa bila gitaa huoi. Gitaa si hili hapa?

Fidèle alimtazama Kabuti kwa uchungu, kuku bado kwapani.

— Sasa unaogopa nini? aliuliza Tabisa, safari hii taratibu.

Redio alikuna kisigino. Koplo alichungulia ndani ya kikombe. Kabuti, masikini, machozi yakamtoka. Fidèle akanipa kuku nimshikie, akakaza nyuzi, akaanza kupiga palepale katikati ya barabara, na Tabisa akakaa kwenye benchi karibu na bwana wake, kumsubiri amalize kulia.